Ndoto ya Mungu humtuma aliyeota, haimsaki bibi kizee

Mhariri,

Pole na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua yangu ni ndefu ila naomba usiikate sana maana hili jambo limenikaa kifuani tangu msimu wa korosho uliopita.

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzetu aliandika humu kwamba Wakristo tuache kusumbuana na ndoto, eti ukila ugali mwingi usiku utaota na ukilala na njaa utaota pia, Mungu kashasema yote kwenye Biblia basi yameisha. Nusu ya maneno yake nakubaliana nayo. Mhubiri sura ya 5 imesema wazi ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi, na sisi wa huku tunaijua hiyo, kipindi cha kupuliza salfa ukishinda shambani na bomba mgongoni basi usiku kucha unaota unapuliza tu, mikorosho haiishi. Hapo mwili umechoka, hakuna ujumbe.

Ila hili la njaa, ndugu yangu angerudi kidogo kwenye Matendo sura ya 10. Petro yuko Yafa, kapanda juu darini kusali, Biblia yetu inasema yapata saa sita ya mchana, akasikia njaa, chakula kinaandaliwa, na hapohapo akaona mbingu zimefunguka na kitu kama nguo kubwa kinashushwa kwa pembe zake nne, ndani yake wanyama wa kila aina, na sauti inamwambia chinja ule. Njaa yake ilikuwa ya kweli kabisa na Mungu hakusubiri ashibe kwanza, alimsemesha ndani ya njaa ileile. Na Petro hakuelewa! Alibaki anajiuliza maana yake nini mpaka watu wa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, wakawa wamefika mlangoni wanamuulizia. Akaondoka nao, akachukua na ndugu sita, na aliporudi Yerusalemu wakamhoji kweli kweli kwa nini ameenda kula na watu wasiotahiriwa, ikabidi awaeleze mwanzo mwisho na wale sita wapo palepale kama mashahidi. Huyo ni Petro jamani, mtume. Alihojiwa maono yake na akajibu kwa upole. Hapa kwetu siku hizi ukimhoji mtu ndoto yake unaambiwa unampinga Roho Mtakatifu.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu.

Nina mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, ana miaka sabini na kitu, anaishi kijijini huko njia ya Newala. Ana mikorosho yake michache, na kando ya barabara anauza ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, anaipanga fungu fungu kwenye sinia, chumvi na pilipili anakuwekea kwenye kikaratasi. Amesomesha watoto kwa ming'oko hiyo. Mwaka jana mwezi wa kumi kwenye mkesha wa kanisa analosali (kanisa silitaji) kijana mmoja wa kwaya akashika maiki akasema ameoteshwa, kaona bibi mmoja mwenye kanga nyekundu amesimama chini ya mkorosho uliokauka anazungusha ungo, na ndo maana korosho za upande ule zimepigwa na ubwiriunga. Jina hakutaja. Lakini usiku ule mama mkubwa alikuwa amejifunika kanga nyekundu mabegani maana kulikuwa na kaubaridi, na kanisa zima likageuka kumwangalia. Ananiambia alihisi ile kanga imekuwa nzito kama gunia lililolowa, akashindwa kuivua na akashindwa kubaki nayo.

Kuanzia siku hiyo ming'oko ikawa inalala. Watoto waliokuwa wanatumwa kununua wakawa wanapitishwa upande wa pili wa barabara. Waliokuwa wanamsaidia kuokota korosho kila mmoja akapata dharura. Hakuna aliyempiga wala kumchomea nyumba, tunamshukuru Mungu kwa hilo, ila walimwacha peke yake. Na viongozi walikuwepo usiku ule, wamekaa mbele, hakuna hata mmoja aliyesimama kusema hebu tusubiri kwanza tulipime hili. Ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu, bwana shamba katufundisha miaka yote, unazuiwa kwa salfa na kupogolea matawi. Na Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ipo tangu enzi za Mwingereza, kumtangazia mtu uchawi ni kosa la jinai hata ukisema umeona usingizini.

Nilipotulia nikaanza kusoma Biblia upya nikitafuta ndoto tu, nikisoma moja naweka alama kwa penseli, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Angalia ndoto na maono yanamwangukia nani. Farao anaota ng'ombe, ujumbe ni kwamba yeye mwenye nchi ajenge maghala na kutenga sehemu ya tano ya mazao miaka saba ili watu wasife njaa. Nebukadneza anaota sanamu na anaambiwa ufalme wake utapita. Samweli, mtoto, anasikia anaitwa usiku, anakimbilia kwa Eli mara tatu akidhani ni mzee anamwita, na ujumbe anaopewa ni juu ya nyumba ya Eli mwenyewe, kuhani mkubwa, mpaka asubuhi mtoto anaogopa kumwambia. Mke wa Pilato anateseka usiku kwa ndoto na anampelekea ujumbe mume wake akiwa amekaa kwenye kiti cha hukumu, amwache yule mwenye haki. Ujumbe unapanda juu, unamgonga mwenye kiti. Kwetu unashuka chini na kumgonga mjane mwenye sinia la ming'oko. Nimetafuta ndoto hata moja ambayo Mungu anamwonyesha mtu kikongwe fulani wa kijijini ndo kaharibu mazao, sijaipata. Kama ipo naomba nionyeshwe kupitia gazeti hilihili, nitashukuru.

Halafu kitu kingine, ndoto inampa kazi aliyeota mwenyewe. Yusufu mume wa Mariamu kaoteshwa mara nne kwenye Mathayo, na kila mara ni yeye anaambiwa la kufanya: usiogope kumchukua Mariamu, ondoka na mtoto na mama yake mkimbilie Misri, rudini nchi ya Israeli, na mwisho anaonywa ndo anaenda kukaa Galilaya. Hatuambiwi hata neno moja alilotamka. Anaamka anafanya. Paulo naye alipomwona usiku mtu wa Makedonia akimwita vuka utusaidie, Luka anaandika "tuliona hakika", wingi, yaani walikaa wakaliangalia pamoja ndo wakapanda chombo, na walipofika Filipi wa kwanza kuamini akawa ni mwanamke, Lidia, muuza rangi ya zambarau, na baada ya hapo Paulo na Sila wakachapwa viboko wakafungwa. Kwa hiyo hata aliyeitwa kweli kweli usitegemee mambo yatamnyookea.

Neno lenyewe hili la kuoteshwa nadhani ndo linatuponza. Huku kusini ni neno la zamani, waganga ndo walikuwa wakioteshwa dawa na mizimu, na ukienda kwa mganga swali la kwanza ni nani kaniroga. Nina wasiwasi tumelibeba neno pamoja na swali lake, tukaliingiza kanisani tukalivalisha kanzu ya kwaya. Jirani yangu wa hapa mjini ni Muislamu, tumekaa ukuta mmoja miaka mingi, nilipomsimulia yaliyompata mama mkubwa alishika kichwa. Akaniambia kwao ukiota ndoto mbaya unaomba kinga kwa Mungu na wala huisimulii hovyo, sembuse kwenye spika. Nikaona aibu kwamba mimi mwenye Yeremia 23 mkononi, pale Bwana anapowakemea manabii wa ndoto na kuuliza makapi ni kitu gani kuliko ngano, nimekumbushwa na jirani.

Wala haya ya kupima maono si mageni kwetu watu wa kusini. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe aliwapa watu maji na neno kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Simdharau, aliunganisha makabila ambayo hakuna aliyewahi kuyaunganisha na alinyongwa kwa ajili ya nchi hii, bibi zetu walilisimulia jina lake kwa heshima. Lakini risasi hazikugeuka maji, na katika vita hiyo ya Maji Maji mpaka mwaka 1907 walikufa watu makumi elfu kwa makumi elfu, wengi wao kwa njaa. Na mwaka 2011 nchi nzima ilielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aliyesema Mungu kamwonyesha dawa ndotoni, kikombe shilingi 500, magari yamepanga foleni kilomita na kilomita, wengine walifia njiani. Hata huku watu walichanga nauli. Mimi yule mzee simuiti mwongo, shilingi 500 si bei ya tapeli, ila nasema hatukuuliza maswali ambayo Petro aliulizwa Yerusalemu.

Mwezi wa pili mwaka huu na mimi niliota. Nitasema ukweli, nilikuwa nimepunguza kwenda kwa mama mkubwa, najiambia ni kazi nyingi, kumbe sikutaka kuonekana nikiingia kwake. Nikaota yuko kwenye bomba la maji na ndoo yake ya njano, lakini koki iko juu kama paa la nyumba, ananyoosha mkono haifikii, ananitazama hasemi kitu. Nikaamka saa tisa usiku, usingizi ukakata. Asubuhi nikachukua bodaboda mpaka kijijini. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba kwa ndani, nikaita, akaitika kama mtu aliye mbali. Siku tatu yuko na homa. Ndoo ilikuwa kavu, mtungi umefunikwa chini juu, midomo imepasuka, na nyumba ya jirani ni hatua ishirini. Nilimpa maji kwa kijiko kwanza maana kikombe kilimshinda kushika, tukampakia kwenye bodaboda katikati yetu mpaka zahanati, ikawa malaria.

Najua padri aliwahi kutusimulia habari za Perpetua, yule mama kijana Mwafrika aliyeuawa Carthage mwaka 203 kwa ajili ya imani, kwamba akiwa gerezani alimwona ndotoni mdogo wake marehemu, Dinocrates, ana kiu na amesimama penye birika la maji lakini kingo ziko juu kumzidi, akawa anamwombea usiku na mchana mpaka akamwona tena anakunywa. Labda ile habari ilikuwa imekaa kichwani mwangu. Na ndugu yangu wa ugali atasema dhamiri ilikuwa inanisuta. Inawezekana kabisa, ilikuwa inanisuta kweli. Lakini Petro naye alikuwa na njaa kweli.

Ombi langu ni kwa wachungaji, mapadri na wazee wa makanisa yetu ya Mtwara na Lindi, yote, ya zamani na ya juzi. Msimu unakaribia, mikesha itaanza, na korosho zikiharibika mtu ataota tu. Akiota msimpe maiki. Akae na mchungaji na wazee wawili watatu, waulize ndoto inamtaka yeye afanye nini, waipime na Maandiko, na kama ndani yake kuna mtu wa kulaumiwa basi isitoke nje ya chumba kile mpaka huyo mtu naye asikilizwe. Na mambo ya kutoa sadaka ili utafsiriwe ndoto yaachwe kabisa, Yusufu mwana wa Yakobo alimwambia Farao si mimi, Mungu ndiye atakayempa majibu, na hakutaja bei.

Mama mkubwa amepona, ming'oko ameanza kuuza tena ila anapeleka barabara ya chini ambako hawamjui. Kanisani bado anaenda, palepale, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Ile kanga nyekundu ameikunja ameiweka chini kabisa ya sanduku, nilimwomba anipe mimi niivae akakataa. Kijana yule bado yupo kwaya, nimemtumia meseji mara mbili aje tukae tuongee, sina ugomvi naye, ni mtoto wetu. Hajajibu bado.

Mimi msomaji wako,
Mama wa kikundi cha maombi,
Masasi, Mtwara