Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: naomba pipa langu

Mheshimiwa,

Shikamoo. Najua majukumu yako ni mazito, nitajitahidi nisikuchoshe.

Juzi mgambo wako walifika kwetu, huku bondeni Msimbazi, wakabeba pipa langu la kuchujia maji. Eti nafanya biashara ya maji bila kibali. Biashara gani? Majirani wanaleta ndoo ya maji ya kisima, wanaondoka nayo. Anayejisikia ananiachia mia mbili ya mkaa. Nahisi kuna muuza maji wa boza aliyenichongea. Ushahidi sina.

Ni pipa lilelile ulilopiga nalo picha. Uliwaambia waandishi kijana huyu ni hazina, ukamtaja Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, aliyetuzwa na taasisi ya uhandisi ya Uingereza mwaka 2015 kwa chujio lake la maji, ukasema na Dar tumepata wetu. Ukaahidi barua ya kwenda maabara maji yangu yapimwe. Tangu hapo nikija ofisini naambiwa uko kikaoni. Hongera kwa vikao.

Kwa kuwa siku ile ulikuwa na haraka, nikueleze mlichobeba. Chini kuna kokoto, katikati mkaa wa vifuu vya nazi unaopunguza harufu, juu mchanga laini niliouosha hadi maji yakatoka safi. Maji yakiwa na tope naanza na unga wa mbegu za mlonge, uchafu unashikana na kutuama. Lakini kazi kubwa hufanywa na utando hai unaoota juu ya mchanga. Viumbe wake ndio wanaokula vijidudu vya maradhi. Huchukua wiki mbili tatu kukomaa, na ukikauka unakufa. Chumvi ya visima vyetu chujio haliiwezi, na kila mtu namwambia achemshe mpaka hapo vipimo vitakapotoka. Vipimo vyako, Mheshimiwa.

Mwaka 2015 kipindupindu kilipolipuka jiji hili, bondeni ndiko tulikozika. Mimi nimeacha kukaanga chipsi kwa ajili ya pipa hili, nimekopa kausha damu, na wenye hela yao wanagonga mlango alfajiri. Wao hawana vikao.

Barua ya maabara kama ni nzito, iache. Kibali nacho kitasubiri. Nirudishie pipa. Na kama leo haiwezekani, mwambie basi mlinzi alimwagie ndoo moja ya maji kila asubuhi, maana nasikia bomba la ofisini kwako halijui mgawo.

Wako mtiifu,
Kijana wa pipa