Mkono wa Idd kutoka kondeni, ukingoni mwa Sabaki

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Jamaa zetu, majirani na marafiki wa shamba la pamoja lililo ukingoni mwa mto Sabaki, kati ya Malindi na Mambrui, pamoja na watoto wetu waliokwenda Mombasa, Nairobi na Uarabuni kutafuta riziki, tunawapa nyote mkono wa Idd ya mwaka 1447. Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu na visimamo vyetu, awarehemu waliokuwa nasi Idd iliyopita na leo hawapo, na atujaalie kheri za siku hii sisi na vizazi vyetu. Salamu hizi ni za wenzetu Wakristo pia, kwa sababu mwaka huu Ramadhani na Kwaresima ziliingia wiki moja mwezi wa Februari, na konde likalimwa na watu waliokuwa kwenye mfungo pande zote mbili. Saa za kazi tulizisogeza kwa ajili ya wote: tulianza mara baada ya alfajiri, na ilipofika saa nne majembe yaliwekwa chini.

Mkulima wa pwani huishi na kalenda mbili. Mvua, pepo na mazao hufuata jua, na sikukuu zetu hufuata mwezi. Kwa kuwa mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, Idd hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, na huchukua miaka kama 33 kuizunguka misimu yote na kurejea pale ilipoanzia. Mwaka 2021 ilitufikia katikati ya Mei, matope ya masika yakiwa yametapakaa mpaka njia ya msikitini. Mwaka 2030 itaangukia mwanzoni mwa Februari, jua la kaskazi, msimu wetu wa joto na ukavu, likiwa kali, na Ramadhani nyingine itaingia kabla Desemba ya mwaka huohuo haijaisha. Safari hii imetukuta mwezi wa Machi: konde limefyekwa, biwi zimechomwa, udongo umekauka mpaka unapasuka, na mvua bado tunaiomba.

Kwa maoni yangu hii ndiyo Idd nzito kuliko zote kwa mwenye kulima, na ndiyo maana salamu za mwaka huu zimekuwa ndefu. Idd inayokuja baada ya mavuno humkuta mtu ana cha kutoa. Hii ya mwisho wa kaskazi humkuta amebakiwa na magunia ya mwisho, na magunia hayo yanadaiwa na jiko, yanadaiwa na mbegu za masika, na yanadaiwa na fitri, sadaka ya chakula ya kumaliza Ramadhani. Wanachama walio mbali wamekuwa wakiuliza shamba linaendeleaje, na sioni njia nzuri ya kuwajibu kuliko kuwaeleza magunia hayo yalivyopatikana na yalivyogawanywa.

Mvua za mwaka, yaani masika, zilipotufikia Aprili iliyopita tulipanda mahindi ya namna mbili. Sehemu ya chini, karibu na mto, tulitia mbegu ya dukani ya PH4, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya pwani yetu na huzaa vizuri mvua ikitosha, lakini mbegu yake hainunuliwi mara moja ikawa basi, kwa kuwa ukipanda punje ulizozivuna mwenyewe zao lake halifanani na la kwanza. Sehemu ya juu tulipanda mdzihana, mahindi ya wazee, yasiyojaza gunia haraka kama yale, ila mbegu yake huwekwa nyumbani na kurithishwa. Kati ya mistari tulichanganya kunde. Upepo wa kusi ulipokaza mwezi wa Juni na bahari ikafunga, wavuvi waliovuta mashua zao juu walikuja kupalilia, na wakati huo ndipo mtu huona jinsi pwani ilivyopangwa kwa hekima: bahari inapokataa ndipo shamba linapohitaji mikono, na shamba linapokauka wakati wa kaskazi, bahari hutulia na samaki kushuka bei.

Viwavijeshi vamizi, ambavyo vilifika Kenya mwaka 2017, havikutuacha. Dawa ya dukani ni ghali na nusu ya vitoto vya kiwavi hujificha ndani kabisa, kwenye majani machanga yaliyojikunja, ambako dawa haifiki. Watoto wetu waliifanya kazi ya kuviondoa kwa mkono vizuri kuliko watu wazima. Kabla ya kwenda shule walipita mstari kwa mstari, wakafunua majani kwa vidole viwili, wakamtoa mdudu na kumponda, kisha wakatia ndani ya majani hayo mchanga mkavu uliochanganywa na majivu, wa kushikwa kwa ncha za vidole tu. Palipozidi tulinyunyizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyolala usiku kucha. Hatukuokoa kila shina, lakini tulivuna.

Mavuno ya Agosti yalivuka pishi 300 (pishi ni kipimo chetu cha zamani cha nafaka), ambazo ndizo kiwango ambacho zao likikifikia hupasa kutolewa zaka, yaani wasaki tano za pishi 60 kila mmoja. Kwa kuwa mahindi yale yalinyeshewa na mvua tupu, tulitoa sehemu moja katika kumi. Mboga tunazomwagilia kwa mashine si za hesabu hiyo, na hata nafaka ya kumwagilia kwa gharama hutolewa nusu yake tu, sehemu moja katika ishirini. Mimi huiona hukumu hii kuwa ya mtu anayeijua kazi ya shamba, kwa kuwa inatofautisha kati ya maji yaliyoteremka yenyewe na maji yaliyopandishwa kwa jasho na petroli. Baada ya zaka, kila aliyefanya kazi alipata fungu lake kwa kadiri ya siku alizokuja, awe mwanamume au mwanamke, awe na ardhi mahali pengine au hana.

Jambo hili la fungu tunalishikilia kwa sababu ya historia ya udongo wenyewe. Malindi ilipohuishwa katika miaka ya 1860 chini ya masultani wa Zanzibar, mashamba yake ya mtama, ufuta na mahindi yalipata sifa mpaka ng'ambo, na majahazi yalipakia nafaka hapa na kuondoka nayo kwenda Uarabuni. Waliofyeka, waliopanda na waliovuna walikuwa watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika mwambao huu mpaka mwaka 1907. Wajukuu na vitukuu wa watu wale wako kati yetu, na wa mabwana zao pia wako kati yetu, wanashika jembe katika mstari mmoja. Kwa hiyo mwanachama mmoja alipopendekeza mwaka jana kwamba wasio na ardhi walipwe ujira wa siku badala ya fungu la mavuno, mkutano ulikataa bila maneno mengi, naye mwenyewe akaridhika alipoelezwa sababu.

Mbegu za mdzihana huchaguliwa siku ileile ya kuvuna, kabla mtu hajatia hindi mdomoni. Mama aliyepewa kazi hii huketi mkekani na kulitazama kila hindi kwa zamu. Hulitaka lenye mistari iliyonyooka na punje zilizojaa mpaka kileleni, lakini kabla ya hayo huangalia ganda: lazima liwe limeifunika ncha yote na kubana, kwa kuwa fukusi na dumuzi huingilia nchani, na hindi lililofumbuka likiwa kondeni huletwa ghalani likiwa tayari na wageni wake. Hufunua ganda bila kuling'oa, akafunga mahindi kwa jozi, yakatundikwa kwenye uchaga juu ya jiko ambako moshi huyapitia kila siku. Wakati wa kupukuchua, punje za ncha na za kitako huenda jikoni, na za katikati tu ndizo zinazobaki kuwa mbegu, kwa sababu hizo hulingana ukubwa na huota pamoja.

Vuli ilikuwa haba. Pojo na kunde zilichanua, mvua ikakatika, na tulichokipata hakikufika mbali. Zaka ya mazao haikutuwajibikia msimu huo, na sikumsikia mtu akiifurahia nafuu hiyo.

Kilichotubeba ni mto. Maji ya Sabaki yanatoka mbali sana. Huanza yakiitwa Athi huko kwenye nyanda za juu karibu na Nairobi, yakakutana na Tsavo na kuitwa Galana, na yanapotufikia huwa yamebeba udongo wa watu wengi, ndiyo maana bahari ya Malindi hugeuka rangi ya matofali huko juu kukinyesha. Udongo huohuo hurutubisha kingo zetu na huohuo hula mashine ya maji; mtungi wa kuchujia tulioufunika kwa gunia ulisaidia sana. Viboko walikuja usiku mara kwa mara wakala mchicha, na vijana wakakesha kwenye dungu wakipiga mabati. Hata hivyo mchicha, mabamia na biringani vilipatikana mpaka Januari, na kila Ijumaa vilipelekwa mjini. Maembe yalizaa kupita kiasi. Ngowe, aina ya maembe yetu, za kila shamba ziliiva kwa pamoja, bei ikaanguka, na nyingine tukazikausha kwa jua tukitumaini kufanya vizuri zaidi mwaka ujao. Wakati huo kina mama walisuka makuti, nasi tukaliezeka upya ghala kabla ya masika.

Ramadhani ilipoingia, muhogo ndio uliobeba futari. Faida yake ni kwamba hauhitaji ghala; hukaa ardhini ukimngoja mwenyewe. Hatari yake ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao unaweza kuozesha mzizi chini kwa chini huku majani juu yakionekana mazima, mtu asijue mpaka siku ya kung'oa. Tuliupoteza muhogo wa kona moja kwa njia hiyo. Pingili za kupanda msimu huu zimekatwa tu kwenye mashina ambayo mizizi yake tulipasua tukaiona nyeupe, na tunawaomba majirani wafanye vivyo hivyo kabla ya kupeana miche. Muhogo uliobaki ulipikwa kwa nazi karibu kila magharibi, sahani zikaenda nyumba hadi nyumba kama ilivyo desturi, na nyumba za Wakristo nazo zikatuma samaki wa kukausha.

Usiku wa mwezi kuandama tulifungua magunia ya mwisho. Mbegu hazikuguswa. Kwa fitri tulitumia pishi ya mti ya zamani, iliyopauka na kulainika midomoni kwa kusuguliwa na mikono, na kila kichwa kilihesabiwa, mpaka mtoto aliyezaliwa wiki hiyo. Baadhi ya vijana waliuliza kama si rahisi zaidi kutoa fedha, na wazee wakawajibu kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi fitri ni chakula kinacholiwa na watu wa mahali, na kwamba sisi tunaolima tuna haki zaidi ya kutoa kile tulichokilima. Kwa hiyo mjane aliyepokea alipokea mahindi ya konde ambalo yeye mwenyewe alilipalilia mwezi wa Juni. Niliona mtu mmoja akimimina, akasawazisha kwa kiganja, kisha akaongeza konzi moja juu, na anayemfuata akafanya hivyohivyo, mpaka mwisho wa foleni hakuna aliyetoa pishi ya kusawazishwa tu. Kilichobaki cha jikoni ni kidogo, nacho kitatufikisha kwenye kunde za kwanza Mungu akitaka.

Sasa tunangoja masika. Mashimo ya mdzihana yamekwisha kupimwa kwa kamba, na siku ya kwanza mvua itakapolowesha udongo kufikia kina cha kiganja, kengele ya mabati itapigwa na kila mwenye nafasi aje, hata kama ni jioni. Nyumba ambazo vuli iliwamalizia mbegu wasione haya. Zipo punje za kutosha kwa konde dogo la kila mmoja, zitatolewa kwa pishi na kurudishwa kwa pishi wakati wa mavuno, bila nyongeza. Walio mbali watuombee mvua ya kiasi, isiyokuja kwa mafuriko wala kukatika kunde zikiwa katika maua, na atakayepata likizo mwezi wa Agosti afike, kuna kazi ya kuvuna na kuna mahindi ya kuchoma.

Kullu aam wa antum bikheri. Idd njema kwenu nyote.

Wasalaam,
Katibu, kwa niaba ya wanachama wote wa shamba