YAH: Malalamiko kuhusu maneno 24 ya kurejesha akaunti

Kisauni, Mombasa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mamangu, mwenye miaka 63, amehifadhi picha za hati za shamba la marehemu babangu kwenye programu yenu. Mimi ndiye niliyemchagulia, maana nyinyi wenyewe hamwezi kuzifungua faili zake. Hilo silalamikii kamwe.

Mwezi uliopita simu ilimponyoka kwenye feri ya Likoni ikazama. Tukanunua nyingine, programu ikadai yale maneno 24 ya Kiingereza mliyompa siku ya kwanza ya kurejeshea akaunti. Mama alikuwa nayo. Aliyaandika kwa mkono wake nyuma ya bili ya stima, akaikunja ndani ya leso sandukuni, kwa kuwa mliagiza yasipigwe picha. Akayaingiza. Maneno si sahihi. Akarudia. Mara ya sita akaanza kulia. Nikawaandikia, na baada ya siku tano mkanijibu nitume logi na namba ya toleo. Mimi nauza viatu Kongowea, jamani!

Jawabu nililipata mwenyewe kwenye karatasi. Neno la tisa, Mama aliliandika tunavyolitamka sisi Pwani: "skuli".

Sasa, maelezo yenu yasema maneno hayo mwayatoa kwenye BIP39, orodha maalumu yenye maneno 2,048 tu. Basi programu ilijua papo hapo kwamba "skuli" haimo. Ilishindwa nini kuliwekea wekundu hilo moja? Ikamkatalia yote 24 kwa jumla, kana kwamba ni mwizi. Wala siku ya kwanza hamkumtaka ayarudie kutoka kwenye karatasi. Kosa lingeonekana simu ikiwa bado mkononi. Na orodha hiyo ipo kwa Kifaransa, Kihispania, hata Kijapani. Sisi mwatutoza kwa shilingi lakini mwatufungia kwa Kiingereza.

Nataka kujua ni lini mtairekebisha hiyo sehemu ya maneno, na ni nani huko kwenu huwapa wazee programu hii waijaribu kabla haijauzwa. Ada yetu ya mwaka yaisha Disemba. Mama ameshasema kwa hati zake atategemea bahasha tu, kabatini kwa shangazi, na mimi sina la kumjibu mpaka nipate lenu.

Wenu,
Mteja wa Kisauni