Salamu za Sikukuu ya Somo Wetu, Mtakatifu Paulo wa Msalaba

Tumsifu Yesu Kristo!

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Dodoma, pamoja nanyi mliohamia Dar, Mwanza na Arusha lakini majina yenu bado yamo kwenye daftari za jumuiya huku nyumbani. Oktoba 19 imefika, na kanisa kuu letu linamshangilia somo wake, yaani mtakatifu msimamizi wake.

Sikukuu hii hutukuta katika mwezi mgumu. Jua halina huruma, upepo unazoa vumbi mtaa hadi mtaa, mashamba yanasubiri mvua ambayo haitarajiwi mpaka mwishoni mwa Novemba, pengine Desemba, na akiba ya mtama inapimwa kwa jicho kila asubuhi. Parokia nyingine zina masomo wa wakati wa mavuno. Sisi tumepewa wa kiangazi, na kwa maoni yangu ndiye anayetufaa.

Somo wetu, kwa jina la nyumbani Paolo Danei, alizaliwa Ovada, kaskazini mwa Italia, Januari 3, 1694. Novemba 1720 alivaa kanzu nyeusi, akajifungia siku 40 katika chumba kidogo cha kanisa huko Castellazzo, akisali na kuandika kanuni ya shirika ambalo wakati huo halikuwa na mtu mwingine ila yeye. Kinachonigusa zaidi ni miaka iliyofuata. Kwa miongo kadhaa alisali bila kuonja faraja moyoni, roho imekauka kama korongo letu la Oktoba, na bado alikwenda kijiji hadi kijiji kuhubiri Mateso ya Bwana na kukaa na wagonjwa. Alifariki Roma Oktoba 18, 1775. Papa Pio IX alimtangaza mtakatifu mwaka 1867.

Wanawe, mapadre wa Italia wa shirika hilo lake, Wapasionisti, ndio waliolileta jina lake Ugogoni. Dodoma ilifanywa Prefektura ya Kitume mwaka 1935, jimbo mwaka 1953, na jimbo kuu Novemba 2014. Mwaka 1972 Askofu Mathias Isuja alishika fimbo ya uchungaji, akaishika hadi 2005. Wazee wetu wengi walipata kipaimara mikononi mwake. Tangu serikali ihamie huku, mabenchi hayatoshi, na katika jumuiya moja utamkuta Mgogo, Mhaya na Mchaga wakigombania kuanzisha wimbo. (Mgogo hushinda, ngoma ni zake.)

Basi leo akina mama wa WAWATA, Wanawake Wakatoliki Tanzania, watang'ara na vitenge vipya, ngoma ya muheme italia wakati wa matoleo, na baadaye tutakula ugali kwa mlenda na nyama. Mimi sina ugomvi na vitenge wala nyama. Ila novena, sala zetu za siku tisa, imekwisha, na wagonjwa tuliowaandika siku ya kwanza ili watembelewe, wengine hawajaona mtu. Wako Hospitali ya Rufaa, wako Chang'ombe, wako Nkuhungu, na somo wetu angeanzia kwao.

Kwa hiyo viongozi wa jumuiya, kabla sufuria hazijafunuliwa, tengeni sahani za wagonjwa na mpange nani anapeleka wapi. Wenye mbegu za mtama, uwele na karanga, njooni nazo kwenye Misa tumwombe Paroko azibariki. Mlio mbali, tupigieni simu jioni, tutakuwa bado tunacheza.

Heri ya sikukuu ya somo wetu. Mtakatifu Paulo wa Msalaba, utuombee.