Mchemraba wa data wa nje ya mtandao: mbona namba hazibadiliki?

Mwezi ukifungwa tu, simu ni ile ile: "Faili mmenitengenezea, mbona mauzo ya wiki hii hayamo?" Juzi mteja mmoja alifika hadi kusema tumemlia pesa yake. Hapana, ndugu mteja.

Faili tunayokupa, ile inayoishia na .cub, ndiyo huo mchemraba: nakala ya data, iliyopangwa ili uichambue kwa pande mbalimbali, kama ilivyokuwa kwenye seva siku tulipoitoa. Meneja wako wa mauzo akiwa Mpanda na mtandao umekata, anaifungua kwa Excel na kuchambua kama kawaida: mkoa, tawi, bidhaa, mwezi. Mauzo mapya yataingia atakapounganishwa tena na seva na faili kusasishwa. Tunalisema hili siku ya makabidhiano, na kwenye ankara limeandikwa.

Kuna wanaotuambia Excel yenyewe inayo amri ya kutengeneza faili hii, kwenye zana za OLAP (za kuchambua data kwa pande nyingi), bure. Kweli inayo. Lakini inakuuliza uchukue pande zipi (kama mahali au bidhaa), ngazi zipi (kama mkoa au tawi), vipimo vipi (namba zenyewe, kama mauzo), na hapo watu hutia tiki kila kisanduku "isije ikapungua." Msambazaji mmoja wa vinywaji alichukua kila duka, kila siku, kila aina ya chupa. Kompyuta ilikesha ikisaga, faili ikatoka nzito hadi barua pepe ikaikataa. Alipotuletea, tulimwuliza kwanza kikaoni huwa anaulizwa nini. Maswali yote yaliishia kwenye tawi na mwezi. Alilipa kazi ambayo ingekuwa ndogo, na siku zake zilishapotea.

Wengine hunakili namba na kuzibandika kwenye shiti mpya. Bosi akisema "nionyeshe Katavi peke yake," hakuna pa kubofya. Karani anaanza upya.

Bei yetu ni ya kukaa na mhasibu wako kuchagua kinachoingia, kisha kulinganisha jumla za faili na za seva, tawi kwa tawi. Hilo haturuki hata ukiwa na haraka. Tena faili hii haiulizi nywila ya seva: aliyeiokota kwenye flashi anasoma kilichomo. Bei zako za ununuzi tunaziacha nje mpaka utuambie kwa maandishi tuziweke.

Kusasisha kila mwezi tunatoza kidogo, maana uchaguzi ulishafanyika. Ukitaka kuongeza upande mpya, mfano wauzaji au magari, faili inajengwa upya na ulinganishaji unarudiwa wote, kwa hiyo na bei ni ya kazi mpya.