Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo mashine

Neema mwanangu,

Salamu kutoka Umoja. Sisi tu wazima, isipokuwa presha ya mama yako, na hiyo unaijua.

Mama yako siri haimkai. Ameniambia kwamba kabla hujapanda ndege kwenda Uingereza unataka kuninunulia rauta, ile mashine ya umeme ya kuchonga kingo za mbao, na kwamba umeshaulizia mkopo kwenye Sacco. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unanikatiza na kusema, "Baba, usijali." Nitajali. Usikope.

Mshahara wa huko hujauona bado. Mkopo wa chuo haujaisha. Viza, nauli na mitihani yote ile umejigharamia bila kutuomba shilingi, na hilo nimewaambia watu wote kazini kwangu Kariobangi Light, hata wale ambao hawakuniuliza. Muuza chai sasa ananiita Baba Sista. Halafu mtu wa namna hiyo ajitie kitanzi kwa ajili ya mashine ya kutoa makali ya mbao? Hapana, mama.

Picha uliyomtumia mama yako nimeiona. Ile ni rauta kubwa, ya wati zaidi ya 2,000, na inabeba biti, yaani visu vyake, zenye shina la nusu inchi. Ni mashine nzuri, sibishi. Lakini ni ya mtu anayetengeneza milango ya kabati za jikoni kutwa kucha, ambaye ameifunga chini ya meza na kusukuma mbao juu yake. Mimi nafanya vitanda, stuli na fremu za milango. Ninachohitaji ni kuviringisha kingo, kuchimba nafasi ya bawaba na kukata fomaika, lile ganda gumu linalobandikwa juu ya mbao, iliyozidi ukingoni. Hiyo ni kazi ya trima, ile rauta ndogo. Trima ina kilo moja na nusu hivi. Lile dude lako linakaribia kilo sita, na bega langu la kulia unalijua wewe kuliko daktari. Ulinunua kwa macho, kama mama yako na yale mapazia.

Ukitaka jina, kuna Makita 3709, wati 530, mizunguko 30,000 kwa dakika. Haina kidude cha kupunguza mwendo, ila kwa biti ndogo si kitu. Kupunguza mwendo kunahitajika kwa biti pana, na biti pana hazifai kutiwa kwenye trima hata kidogo. Hata hivyo nitakuambia ukweli: Ingco au Total inanitosha. Siwashi mashine siku nzima, nawasha dakika kumi hapa, robo saa pale. Hizo unazipata chini ya elfu kumi, na mtu haendi Sacco kutafuta elfu kumi.

Usiingie tu dukani ukauliza bei. Uliza koleti ni ya ngapi. Koleti ni ile taya ndogo ya chuma inayoshika shina la biti. Kuna ya milimita 6, na kuna ya robo inchi, ambayo ni milimita 6.35. Kwa macho hutaona tofauti, ni unene wa ganda la kitunguu. Lakini tia biti ya 6 kwenye koleti ya robo inchi, utakaza mpaka spana ikuume kiganja na bado biti itateleza. Itazama polepole ndani ya mbao ukaharibu kazi ya mtu, au itachomoka mashine ikiwa inazunguka kwa kasi yote. Kwa hiyo koleti na biti ziwe za kipimo kimoja. Muuzaji akikuambia "zote zinaingia", toka uende duka la pili.

Mwambie afunge biti mbele yako. Anayeijua kazi ataisukuma mpaka mwisho, kisha ataivuta nje milimita mbili au tatu ndipo akaze kwa spana mbili. Ikiachwa imegusa mwisho, koleti haibani sawasawa. Kisha achomeke na kuwasha. Sauti iwe moja, isiwe inapanda na kushuka. Chungulia kwenye matundu karibu na kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye mota inayozunguka: cheche chache si neno, lakini ukiona moto umezunguka duara zima, mrudishie. Mashine ikishachomolewa kwenye umeme, shika ile biti uitikise. Ikicheza, iache hapo hapo kauntani.

Pesa utakayookoa kwenye mashine, iweke kwenye biti. Wateja huambiwa hivi kila siku na hawasikii. Wananunua lile boksi lenye biti kumi na tano kwa bei ya soda, zinaungua kwenye mlango wa kwanza. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018, mbao zilipanda bei, na wateja wengi wakahamia MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa. MDF ina gundi, na gundi inamaliza makali ya chuma cha kawaida upesi sana. Nataka biti zenye ncha za kabaidi, ile ngumu kuliko chuma. Tatu tu: moja ya kunyoosha, moja ya kuviringisha ukingo yenye beringi, na moja ya kukatia fomaika, nayo yenye beringi. Beringi ndiyo inayotembea kwenye ukingo na kuizuia biti isile mbao kupita kiasi. Boksi lenye biti kumi na tano ukiniletea nitampa kijana wetu Dani achezee.

Nenda duka linalotoa risiti ya ETR, ile ya kodi. Mjini kuna Makita za kila aina, nyingine hata Makita wenyewe hawajawahi kuziona. Bei ikikushangaza kwa uzuri, jua si yenyewe.

Na usikope. Nimerudia kwa sababu nakujua. Ukisema ndiyo kwa mdomo, mkono unafanya lake. Hilo umelichukua kwangu, na yale mambo ya karo mwaka ule mama yako anayakumbuka vizuri kuliko mimi, tuyaache.

Kama ni lazima ninunuliwe kitu kikubwa, subiri uwe huko. Umeme wa Uingereza unalingana na wetu na plagi ni hizi hizi za pini tatu, kwa hiyo mashine ya mtumba ya kule inafanya kazi hapa bila shida. Ila tahadhari na zenye plagi ya manjano ya duara. Hizo ni za mijengo, ni za volti 110. Ukichomeka hiyo hapa Umoja kwenye volti 240, utasikia harufu kabla hujasikia sauti. Lakini usianze kuzunguka mitumbani wiki ya kwanza, lala kwanza. Kazi ya wodi ya usiku si mchezo, na sitaki nisikie umebeba chuma kwenye basi baada ya zamu.

Dani ameshaanza kuuliza mashine inakuja lini. Juzi alishika rauta ya jirani akaisukuma kuelekea upande ambao biti inavuta, ikamponyoka ikakimbia ukingo mzima wa mbao. Kidogo tu iguse paja. Nimemwonyesha: ukingo ukiwa mbele yako, unatoka kushoto kwenda kulia, na unakata kidogo kidogo, safari mbili tatu badala ya moja. Anasema ameelewa. Miwani hataki kuvaa, eti inamfanya mzee. Mpigie wewe, mimi ananiona kama redio.

Mfereji wa paa umetoboka tena pale juu ya jikoni na fundi anataka elfu tatu, nimemwambia nitaziba mwenyewe. Maji yanakuja siku mbili kwa wiki, tumenunua dramu lingine. Mama yako anauliza kama utaondoka na lile blanketi la kijani au alitandike kwenye kitanda cha wageni. Shangazi yako wa Machakos anakuja Jumamosi na anakaa mpaka umeondoka. Jibu kabla ya Ijumaa. Pia lete cheti chako cha kuzaliwa, nakala nzuri, hii tuliyo nayo imekuliwa na mende.

Baba yako.

Nimesahau: waulize dukani kama wanauza kaboni za akiba za mashine hiyo. Na kama ulishanunua lile dude la picha, niambie sasa hivi, nijue ni la mkopo au la pesa taslimu. Usilirudishe kabla sijaliona.