YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOMPYUTA YA BAISKELI NA MKANDA WA MAPIGO YA MOYO, NA NAMNA NILIVYOTENDEWA DUKANI KWENU

Nyegezi,
Mwanza.
22 Septemba 2025

Meneja,
Tawi la Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe sikuipata dukani kwako.

Sitakueleza masharti yenu ya dhamana wala utaratibu wa kurudisha bidhaa. Mmeyaandika wenyewe na mmeyabandika ukutani nyuma ya kaunta. Ninachodai ni Sh. 385,000 zangu: 265,000 za kompyuta ya baiskeli, kile kifaa kidogo cha kwenye usukani kinachoonyesha mwendo na mapigo, na 120,000 za mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo. Mkinibadilishia mkanda kwa ule unaoelewana na kompyuta hiyo, nao nitaupokea. Nakupa siku 14.

Kompyuta mliyoniuzia inapokea mawimbi ya ANT+ peke yake, njia ya vifaa vya michezo kupelekeana vipimo bila waya. Mkanda mlioniuzia unatuma kwa Bluetooth peke yake. Vyote viwili vinatumia masafa ya gigahezi 2.4, lakini ni sawa na watu wawili waliokaa benchi moja kila mmoja na kilugha chake. Naweza kuuvaa mkanda huo mpaka kiama, kioo kitaendelea kunionyesha vistari viwili mahali pa mapigo. Na jambo hili limeandikwa ubavuni mwa maboksi yote mawili. Kijana wako aliyeniuzia tarehe 6 ndiye aliyeyashika maboksi hayo mkononi akaniambia, "Hivi ni pacha, mama, havikosani."

Sikuja kubahatisha, Ndugu Meneja. Nilikuja na karatasi niliyoandika nyumbani. Nilitaka kompyuta ya vitufe, si ya kioo cha kugusa, kwa sababu kidole chenye jasho au mvua hakisikiki kwenye kioo. Nilitaka tarakimu za mapigo ziwe kubwa, nizisome bila miwani. Nilitaka mkanda wa kifuani, si saa, maana saa inapima kwa kumulika mwanga kwenye ngozi ya mkono, na barabara ikiwa ya mashimo usukani ukatikisika, kipimo chake huyumba. Mkanda unasoma umeme wa moyo wenyewe. Yote hayo nilimsomea kijana wako, naye akaitikia kila neno.

Sababu ya karatasi hiyo ni kwamba nina miaka 51 na nina presha. Daktari aliniruhusu kuendelea kuendesha baiskeli kwa sharti moja, mapigo yasivuke 130 kwa dakika. Ile hesabu ya 220 ukitoa umri ingenipa 169, lakini hayo ni makadirio ya watu kwa jumla. Ya kwangu mimi ni 130. Kwangu tarakimu hiyo ina uzito uleule wa vidonge ninavyokunywa asubuhi, na ninyi mmeniuzia vistari viwili.

Sasa nije kwenye Jumamosi ya tarehe 13, kwa sababu hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Nilirudi na vifaa vyote, maboksi yote, hata vile vimifuko vya nailoni. Nikaeleza kwa utaratibu. Kijana wako akasema niuvae mkanda pale pale aone. Nikamwambia, "Mwanangu, huu unavaliwa kwenye ngozi, chini ya kifua, na zile sehemu mbili za mpira lazima zilowe maji kidogo. Nipe chumba nijisitiri." Akanijibu, "Hapa si kwa fundi cherehani, mama. Vaa juu ya blauzi." Duka lilikuwa na watu. Nikavaa juu ya blauzi, mtu mzima, mwalimu, kwa sababu nilitaka yaishe niende. Bila shaka hakikusoma kitu, wala kisingeweza kusoma, nguo ikiwa katikati. Kijana wako akainua kompyuta juu watu waione, akasema kwa sauti, "Jamani, mama huyu hana moyo!" Duka zima likacheka.

Halafu akanionyesha tangazo la ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi.

Nigusie pia hili la kuiseti, maana mlinitoza Sh. 10,000 kwa kazi hiyo, ambazo sasa naziongeza kwenye deni. Kompyuta inahesabu mwendo kwa mizunguko ya gurudumu, kwa hiyo lazima iambiwe mzunguko mmoja una urefu gani. Fundi wenu aliingiza milimita 2105, kipimo cha gurudumu jembamba la baiskeli za mashindano, 700 kwa 25. Baiskeli yangu ni ya gurudumu la inchi 26, tairi la upana wa inchi 1.95, na ilikuwa imesimama mbele yake. Nilipofika nyumbani nilitia alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, nikaisukuma mzunguko mmoja nikiwa nimeikalia, mpwa wangu akapima kwa futi ya fundi: milimita 2050. Maana yake kila kilomita 40 ninazotembea, mashine yenu inanisomea 41. Hilo nilirekebisha mwenyewe kwa dakika tano. Sijui hizo elfu kumi zilikuwa za kazi gani.

Jumapili ya tarehe 14, siku moja baada ya ile aibu, kikundi chetu kilipanga safari ya kwenda Kigongo, tulivuke lile daraja jipya la kilomita 3 mpaka Busisi. Safari hiyo niliingoja tangu daraja lilipofunguliwa Juni. Ndiyo hasa iliyonifanya nichange fedha za kompyuta, miezi mitatu, kutoka kwenye mshahara unaoujua. Nilitoka Nyegezi nikijiambia nitakwenda taratibu. Tulipopita Buhongwa nilianza kusikia mapigo masikioni. Kioo, vistari viwili. Tulipofika Usagara nilishuka, nikakaa kwenye jiwe karibu na wauza mahindi, nikaweka vidole viwili shingoni na kuitazama saa: nikahesabu 38 kwa sekunde 15. Zidisha mara 4, ni 152. Wenzangu waliendelea. Mimi nilirudi Nyegezi kwa daladala, baiskeli imefungwa juu ya keria, na nauli yake nililipa ya watu wawili. Daraja sijalivuka mpaka leo.

Mkanda unaosomeka ungeniambia nipunguze mwendo tangu Mkolani.

Nirudi dukani, kwa sababu kuna mambo sikuyasema hapo juu. Nilipokuwa nimesimama na mkanda juu ya blauzi, mfanyakazi wenu wa pili, yule wa upande wa jezi, alikuwa ameelekeza simu yake kwangu. Nilimwona. Nikasema, "Usinipige picha." Akacheka, akaendelea kurekodi video. Na kati ya vijana watatu waliokuwa wanachagua jezi, mmoja nilimfundisha hisabati kidato cha pili. Wenzake walipocheka yeye aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Nilitaka kuuvua mkanda, kishikizo cha mgongoni kikawa kimeng'ang'ania uzi wa blauzi, mikono inatetemeka, na hakuna aliyetoka nyuma ya kaunta kunisaidia. "Mama huyu hana moyo." Alilisema mara mbili, Ndugu Meneja. Mara ya pili alilisema wakati bado nahangaika na kishikizo, kwa sababu mara ya kwanza lilichekesha. Aliyenisaidia hatimaye ni yule mwanafunzi wangu. Alikuja akakifungua bila kusema neno, akasema tu, "Shikamoo, mwalimu." Nilishindwa kuitika.

Kwa hiyo naomba uelewe kwamba kubadilishiwa mkanda, kama nilivyosema mwanzo, hakutoshi tena. Nimefuta hilo. Nadai:

Sh. 395,000 zote, pamoja na nauli ya safari zangu za kuja dukani kwenu na ile ya kurudi kutoka Usagara. Barua ya kuomba radhi yenye mhuri wa kampuni na sahihi yako wewe, si ya kijana. Video hiyo ifutwe, na mwenye simu aniandikie kwa mkono wake kwamba ameifuta na hajamtumia mtu. Na yule kijana aniombe radhi kwenye kaunta ileile, siku ya Jumamosi, duka likiwa na watu.

Zile siku 14 nazo nimezifuta. Nakupa 7 tangu utakapopokea barua hii.

Zikipita, nitakwenda Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na "hivi ni pacha" ni kupotosha. Kuhusu video nitakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa Sheria ya mwaka 2022. Tena kuna jambo moja nilikuwa nimelinyamazia kwa ustaarabu: risiti mliyonipa ni ya kuandikwa kwa mkono, na kiasi kilichoandikwa ni Sh. 200,000. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, niliiomba nikaambiwa mtandao haupo. Hiyo ya mkono nimeitunza. Mamlaka ya Mapato, TRA, wakitaka kuiona nitawapelekea mwenyewe, kwa baiskeli.

Kompyuta, mkanda, maboksi na vile vimifuko viko kwangu, havina mkwaruzo. Nitavileta siku nitakayoitwa kuchukua fedha zangu, na sitavivaa tena mbele ya mtu yeyote dukani kwako.

Mteja wenu,

Mwalimu, Nyegezi.

Nakala: Makao Makuu ya kampuni, Dar es Salaam.